Mathayo ni yule mwenye ndevu, mniache

Kila ikikaribia sikukuu ya Mtakatifu Mathayo, 21 Septemba, lazima mtu aitupie kwenye grupu la jumuiya yetu hapa Moshi ile picha ya Caravaggio, mchoraji wa Italia, ya Yesu anamuita Mathayo, na hapo ndo ugomvi unaanza, eti Mathayo ni yupi? Wengine wanasema yule mwenye ndevu katikati ya meza, wengine, katekista wetu akiwa kinara, wanasema kijana wa mwisho kushoto kabisa aliyeinamisha kichwa anahesabu hela. Mi niko na mwenye ndevu.

Kwanza tukumbuke hiyo ni meza ya ushuru, na mtu wa soko la Mbuyuni hahitaji maelezo marefu hapo. Mama kashusha ndizi zake, hajauza hata mkungu mmoja, kijana wa ushuru huyo kashafika na kimashine chake. Sasa ongezea kwamba huyo mtoza ushuru watu wanamuona kibaraka wa Warumi na cha juu anatia mfukoni. Ndo mtu anayeitwa pale, sio mtakatifu wa kwenye kalenda. Caravaggio alichora mwaka 1599 hadi 1600, kwa ajili ya kanisa la San Luigi dei Francesi kule Roma, na akina Mathayo akawavalisha nguo za mtaani kwake za wakati ule, kofia zenye manyoya ya ndege na upanga kiunoni, ila Yesu na Petro ndo wana mashuka ya kale na wako peku.

Turudi kwa mwenye ndevu. Anajinyooshea kidole kama anauliza "mimi?" Wapinzani wanasema hapana, kidole kinampita kinaenda kwa kijana, yaani "huyu?" Na kweli kwenye simu ukizoom unaweza kushawishika. Lakini mwanga umempiga yeye usoni, macho yake yako kwa Yesu, na mkono wa pili bado uko mezani kwenye hela. Halafu picha hiyo iko kwenye kikanisa kidogo ndani ya San Luigi, na humohumo Caravaggio kamchora Mathayo mara mbili zaidi, akiandika Injili na malaika juu yake, na akiuawa, na kote ni mzee wa ndevu. Sasa yule kijana wenu alizeeka lini, akivuka kwenda ukuta wa pili?

Katekista anajitetea kwa maneno ya Papa Fransisko, ambaye mwaka 2013 alisimulia kwamba alikuwa akienda Roma anapita kuiangalia hii picha, na alijiona yeye ndo huyo Mathayo anayeng'ang'ania pesa zake. Sawa kabisa, ila mwenye ndevu nae si bado kazishikilia!

Kitu kinachonishangaza ni tunavyobishana kidole cha Mathayo tunasahau mkono wa Yesu. Umelegea, hauamrishi kama trafiki. Ni mkono wa Adamu ule aliochora Michelangelo kwenye dari ya kikanisa cha Sistine kule Vatikani, kazi iliyoisha 1512, na Caravaggio kauhamishia kwa Yesu, Adamu mpya, makusudi kabisa naamini. Petro mbele yake anairudia ishara ileile kidogo hafifu, na eksirei zimeonyesha Petro aliongezwa baadaye, kwahiyo mchoraji aliwaza akabadili. Alafu dirisha lipo ukutani ila halitoi mwanga, mwanga wote unaingia kutoka upande wa Yesu, na miguu yake ukiangalia vizuri ishageuka kutoka. Kashasema "Nifuate", hangoji kikao.

Na kijana wa katekista simchukii, ila kama kuna mtu wa kuogopesha mule ndani ni yule mzee wa miwani aliyesimama nyuma ya huyo kijana. Mwanga umeingia chumba kizima, yeye kainama kasogeza miwani ahakikishe sarafu zimetimia. Huyo hakuna anayemgombania.