Valgrind au AddressSanitizer, tutumie ipi?

Hizi ni zana mbili za kunasa makosa ya memori kwenye programu za C na C++, na wanaoandika lugha hizo hawaishi kubishana hapa, wengine wanasema Valgrind imezeeka iachwe, wengine wanasema haina mpinzani, na mi naona wote wana hoja.

Valgrind ipo tangu 2002 na raha yake ni kwamba huna haja ya kukompaili upya, yaani kugeuza tena kodi kuwa programu, unachukua programu ilivyo unaiendesha ndani yake, basi inafuatilia memori yote unayoomba kwa malloc, ukisoma ulichokwisha kukirudisha kwa free inakwambia, ukisahau kurudisha inakwambia, hata ukipitisha uamuzi kwa memori ambayo hukuiwekea thamani inakwambia. Shida mwendo. Programu inaweza kuwa nzito mara 10 mpaka 30 hivi, testi ya dakika 2 inakula saa nzima, mtu akichoka anaacha kabisa kuiendesha.

AddressSanitizer, iliyotoka Google na kuingia kwenye Clang 2012 na GCC 2013, lazima ukompaili nayo. Inazungushia kila kipande cha memori eneo la hatari, ukiligusa programu inakufa palepale na mstari unaonyeshwa. Mwendo unapungua kama mara 2 tu japo memori inaliwa haswa, na inakamata hata ukivuka mpaka wa arei (safu ya thamani) iliyo kwenye staki, ile memori ya muda ya fanksheni, ambayo Valgrind mara nyingi inaipita. Ila memori isiyowekwa thamani haiiangalii kabisa.

Na memori hiyo isiyowekwa thamani ndo imeleta balaa kubwa kuliko yote ninayoijua. Mwaka 2006 Valgrind ililalamikia memori ya namna hiyo ndani ya OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, watu wa Debian, mfumo wa Linux, wakafuta mistari miwili ili kelele ziishe, kumbe mmoja ndo ulikuwa unaingiza unasibu wote, yaani ubahatishaji unaofanya funguo zisikisiwe, basi mpaka inagundulika Mei 2008 funguo za SSH (za kuingilia kompyuta ya mbali) za Debian na Ubuntu iliyojengwa juu yake zilikuwa zinategemea namba ya prosesi tu, ile mfumo unayoipa programu inayoendeshwa, yaani machaguo 32,767 kwa kila aina na saizi ya ufunguo, mtu anayajaribu yote bila jasho. Wapo wanaoilaumu Valgrind kwa hilo, mi siwezi, ilichosema kilikuwa kweli, kosa lilikuwa kufuta kabla ya kuelewa.

Kwangu mimi AddressSanitizer iwake kwenye testi za kila siku, Valgrind iendeshwe usiku kabla ya kutoa toleo, na onyo ambalo hujalielewa liache lipige kelele.