Fundi wa Umoja na rejeta ya Chicago

Januari, saa kumi na mbili asubuhi, niko Umoja hapa Nairobi nimekalia dumu nangoja maji ya mgao, simu ikalia. Dada yangu, yule wa Chicago. Kwao ilikuwa saa tatu usiku, theluji mpaka magotini, na yeye amevaa fulana ya mikono mifupi na dirisha liko wazi! Akaninong'oneza, "We skiza tu."

Ko. Ko ko. KOOO! Kama mtu amefungiwa ndani ya ukuta na nyundo.

Nikacheka kile kicheko cha fundi. Hiyo si mtu bana, hiyo ni hewa, kila mtu wa huku anaijua, maji yakipotea siku tatu halafu yarudi bomba linakohoa na mfereji unatema, na dawa yake ni kufunga koki nusu yaje polepole. Nikamwambia ageuze kamera. Nikaona chuma kikubwa chini ya dirisha, mikunjo mikunjo kama kodiani, eti hiyo ndiyo rejeta ya kupasha nyumba joto, na mimi rejeta ninayojua ni ya matatu. Bomba linaloingia ni moja tu. La kutoka sikuliona na sikuuliza, fundi wa miaka kumi na minne haulizi maswali ya aibu.

"Funga nusu." Akafunga.

"Na hiki kidude cha huku mwisho kinafanya ssss."

"Inavuja hiyo, bandika chingamu." Akabandika.

"Na kuna vijiti viwili wameweka chini ya mguu wa huku."

"Kazi ya ovyo! Toa!" Akavipiga kwa kisigino mpaka vikatoka.

Kimya. Nikageukia majirani kwa foleni nikawaeleza venye nimerekebisha nyumba ya Marekani nikiwa nimekalia dumu, na kuna mama mmoja akaniomba namba.

Baada ya nusu saa simu tena, na mara hii dada hanong'oni. Ile kelele imekuwa kama treni ya mizigo, chingamu imeruka mpaka kwa pazia, kidude kinatema maji meusi ya kutu, na jirani wa chini anagonga dari na ufagio. Keateka wa jengo akaja na malapa, mzee hivi, akaangalia sakafu, akauliza nani amefanya hii kazi. Dada, bila haya, akamgeuzia simu.

Nilimsalimia kwa adabu zangu zote. Akanifunza pale pale. Hiyo si maji, ni mvuke. Unapanda kwa bomba hilo moja, ukipoa unakuwa maji na yanarudi chini kwa hilo hilo, ndo maana koki ni wazi yote ama kufungwa yote, ukifunga nusu maji yanakwama njiani. Vijiti ni vya kuinamisha rejeta maji yateremkie kwa koki. Na kikombe kimoja cha maji kikiwa mvuke kinajaa karibu vikombe 1,700, sasa huo mvuke ukikuta maji yamelala unayabeba na kuyatwanga kwa kona, hiyo ndo nyundo. Ssss je? Ni hewa inatoka ili mvuke uingie, joto likifika kidude kinajifunga chenyewe. Shida ya kwanza ilikuwa tu kijiti kimoja kilisogea wakati dada anapiga deki.

Nikajaribu kuokoa heshima, nikasema basi angalau afunge dirisha, joto linapotea. Mzee akatikisa kichwa. Jengo ni la miaka ya 1920, watu walikuwa wametoka kwa ile homa kubwa ya mafua ya 1918 na wakitaka hewa safi hata theluji ikianguka, kwa hivyo hizo rejeta zilipimwa zipashe chumba madirisha yakiwa wazi. Ukifunga unaiva.

Akarudisha vijiti, akafungua koki yote, akabadilisha kidude. Ssss... tik. Kimya cha kweli. Mama naye alikuwa ashaambiwa, kwa grupu ya familia nikakuta ameandika nisiulizwe tena mambo ya mvuke, hata wa sufuria.

Nikaweka simu mfukoni, nikageuka. Foleni imeisha, watu wameenda na madumu yamejaa, mfereji unadondosha tone la mwisho. Nikafungua yote. Ikakohoa mara moja tu.