Kilichowaumiza watoto si kufungiwa peke yake

Kwenye khitma ya shangazi yetu hapa Mombasa kulizuka ubishi kati ya mdogo wangu na jirani yetu ambaye ni muuguzi. Mdogo wangu alisema miezi ya korona ndiyo miezi aliyowajua wanawe. Jirani akamkatiza: "Wewe uliwajua wako. Mimi wangu waliniogopa." Watu wakanyamaza, kahawa ikapitishwa, yakaletwa maneno mengine. Mimi sijaweza kuyaacha, maana naamini wote wawili walisema kweli.

Kenya ilifunga shule katikati ya Machi 2020, siku chache tu baada ya mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa. Machi 27 ikaanza kafyu, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili Mombasa ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Kisha Mei 6 mtaa wetu wa Mji wa Kale ukawekewa vizuizi vyake peke yake, sawa na Eastleigh kule Nairobi. Ramadhani ilikuwa imeingia kumi la pili.

Nianze na upande wa mdogo wangu, kwa sababu siku hizi wengi wanaubeza. Kabla ya hapo alikuwa akirudi nyumbani watoto wamelala. Kafyu ilimrudisha, baraza za kahawa zikafungwa, na misikiti nayo ikafungwa. Tarawehe akawa anaswalisha sebuleni, mwanawe wa miaka kumi akikimu, bintiye na mama yao nyuma. Yule mtoto hakuwahi kumsikia babake akisoma Qur'ani kwa sauti mpaka usiku ule. Hilo si jambo dogo. Na tusisahau kwamba katika nyumba zetu bibi analala chumba kimoja na wajukuu. Mtoto kuleta ugonjwa ndani na kumzika bibi yake ni jeraha pia, na huenda vizuizi viliwaepusha baadhi ya watoto nalo.

Lakini mdogo wangu mshahara wake ulikuwa ukiingia kila mwisho wa mwezi. Kwenye nyumba hiyohiyo, ghorofa ya chini, palikuwa na baba anayeendesha tuktuk. Chumba kimoja, watoto wanne, tuktuk imeegeshwa nje ya vizuizi. Tulikuwa tukisikia kelele zao, na baadaye tukasikia kimya chao, ambacho kilinitisha zaidi. Ukaribu uleule uliompa mdogo wangu wanawe ulimnyima jirani yake pa kulilia mbali na macho ya watoto. Anayesema karantini iliunganisha familia aseme pia familia zipi.

Jirani yetu muuguzi yeye hakukosa kazi. Alikuwa akirudi kutoka zamu, mwanawe wa miaka sita akimkimbilia mlangoni, naye anapiga ukelele: "Usinishike!" Alikuwa akimlinda. Mtoto alichokipata ni kwamba mama hamtaki. Baada ya wiki mbili hakuja tena mlangoni. Akisikia ufunguo huingia chini ya meza.

Neno karantini lenyewe liliharibiwa mapema. Waliovunja kafyu walipelekwa karantini siku kumi na nne kama adhabu, na mwanzoni waliowekwa humo walidaiwa gharama. Mahali pa kumkinga mtu pakageuka jela machoni pa wananchi, ndiyo maana wengi mtaani mwetu walikwepa kupimwa. Watoto walisikia hayo yote. Nilimsikia kwa masikio yangu mama akimtishia mwanawe, "Kohoa tena, watakuja kukuchukua." Mwongozo wa kuwauguza wagonjwa nyumbani ulipotolewa Juni 2020, hofu hiyo ilikuwa imeshaota mizizi.

Utafiti wa Ginny Sprang na Miriam Silman wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2013, yaani kabla ya korona, uligundua kuwa 30% ya watoto waliotengwa au kuwekwa karantini wakati wa magonjwa ya mlipuko walikuwa na dalili za kiwewe za kiwango cha kuhitaji matibabu, na wazazi 25%. Wanaotetea karantini husema habari za watoto hao zilitolewa na wazazi, na mzazi mwenye hofu huona hofu kila mahali. Ni hoja ya haki. Lakini kwangu mimi inazidi kuonyesha kwamba hali ya mzazi na ya mtoto huwezi kuzipima mbalimbali. Ukimwacha mzazi na hofu yake, umemwacha mtoto.

Nasema hivi nikijua nilivyofanya mwenyewe. Binti yangu alikuwa na miaka saba. Tuliambiwa mtaa utafungwa siku kumi na tano, akachora mistari kumi na mitano ukutani kwa penseli, kila asubuhi anafuta mmoja kwa kidole alichokilowesha. Hesabu yake ilimtoa kabla ya Idd, awahi pembea za sikukuu kwenye uwanja wa Makadara. Mstari wa mwisho ulipofutika, muda ukaongezwa mpaka Juni. Hakulia. Aliuliza, "Mama, ulikuwa unajua?" Kuhusu nyongeza sikujua. Kuhusu Makadara nilijua tangu mwanzo, kwani mikusanyiko ilipigwa marufuku nchi nzima. Sikumwambia kwa kumhurumia, na huruma ile ilimuumiza kuliko vizuizi.

Wapo watakaosema dawa ilikuwa kutofunga. Jamaa zetu wa Tanga watoto wao walirudi shule Juni 29, 2020, ilhali wetu, ukiacha darasa la nne, la nane na kidato cha nne walioanza Oktoba, walikaa mpaka Januari 2021. Uganda shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Kwa masomo na kwa kucheza na wenzao, wa Tanga walipata nafuu kubwa, sibishi. Ila Tanzania takwimu za wagonjwa zilikuwa zimekoma kutolewa, na binamu yangu alikuwa akinipigia simu usiku kuuliza kama joto la mwanawe ni malaria au ndilo lile. Mlango wake ulikuwa wazi, na bado usingizi hapati.

Kwa hiyo sipingi kufunga mtaa pale ugonjwa unapolazimu. Ninachopinga ni kufunga kwa askari na unga wa msaada peke yake, bila mtu wa kuzungumza na wazazi, bila posho kwa wa tuktuk, bila tarehe ya kweli, au angalau kukiri kwamba tarehe haijulikani.

Mtoto wa muuguzi ni mkubwa sasa, ananizidi kimo. Siku ile ya khitma alikuja kumuaga mamake. Kabla ya kumshika aliviangalia viganja vyake, pande zote mbili.