Pampu ya Maji Baridi

Pampu yenyewe huitwa pampu ya maji baridi, na jina hilo peke yake lilinipotezea nusu siku. Nilipoingia katika duka moja la vipuri mjini Kisumu na kuitaja, muuzaji aliniuliza kwa adabu kama maji moto huwa nayavuta kwa pampu gani. Nilimweleza kwamba mabaharia husema maji baridi wakimaanisha maji yasiyo na chumvi, si maji yaliyotoka kwenye friji. Alitazama nje, ambako kipande cha Ziwa Victoria kilionekana kati ya majengo mawili, akasema, "Kwani Mwalimu, haya mengine yote yana chumvi?"

Swali lake lilikuwa la haki. Mashua yangu ni ya tanga, ina urefu wa mita saba hivi, nayo iliundwa Uingereza kwa ajili ya bahari, ambako mtu aweza kufa kwa kiu huku amezungukwa na maji. Ndiyo maana chini ya kitanda cha mbele pana tangi la plastiki la lita 80, na kando yake pampu ndogo ya volti 12 inayoyavuta maji na kuyapeleka kwenye mfereji wa sinki iliyo ndogo kuliko sufuria ya ugali. Ziwa letu halina chumvi, lakini hapa katika Ghuba ya Winam rangi yake mara nyingi hukaribia mchuzi wa mrenda, na mke wangu alikwisha kutangaza kwamba chai ya maji hayo nitainywa peke yangu.

Nilistaafu baada ya kufundisha fizikia kwa miaka 27, na mashua niliinunua kwa mgeni aliyekuwa akirejea kwao. Tangu Novemba ilikuwa imefungwa tu pale Dunga kwa sababu ya magugumaji, ambayo upepo ukiamua kuyasukuma upande wetu huziba njia hata mtumbwi wa mvuvi usipenye. Yalipoondoka mwezi wa Februari, nilimwalika shemeji yangu wa Nakuru pamoja na familia yake tuelekee kisiwa cha Ndere. Shemeji ni mhasibu, na tangu nimwoe dada yake hajawahi kukubali kwamba mwalimu anaweza kumiliki chombo chenye sinki.

Tulipofika katikati ya ghuba niliwasha jiko la gesi, nikaweka sufuria chini ya mfereji na kuufungua kwa madaha. Maji yalitoka vizuri, yakapungua, yakawa uzi, yakakoma, huku pampu ikiendelea kunguruma chini ya kitanda.

"Naona imeyanywa yenyewe," alisema shemeji.

Siku hiyo tulikunywa soda za watoto.

Pampu ya aina hiyo haina uchawi. Ndani yake mna viwambo vya mpira vinavyopanda na kushuka, vali ndogo zinazoyazuia maji yasirudi yalikotoka, na swichi ya presha inayoizima mfereji ukifungwa. Ikinguruma bila kutoa maji, basi ama tangi ni tupu, ama chujio limeziba, ama inavuta hewa kupitia kiungo kilicholegea, ama viwambo vimechoka. Niliyaandika hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari kwa rula, nikiwa na uhakika kwamba fundi angenidanganya na kwamba mtu wa elimu yangu hahitaji fundi.

Jumatatu nilianza na tangi. Nilifungua kifuniko cha juu, nikamulika kwa tochi, nikaona maji yamepita nusu. Kifuniko kikiwa bado pembeni niliwasha pampu, na maji yakatoka kwa nguvu ya kuoshea gari. Nilicheka peke yangu, nikarudisha kifuniko, nikakaza skrubu zake zote 12, kisha nikampigia mke wangu simu kumwambia kazi imekwisha. Kabla sijamaliza kujisifu, maji yalikuwa uzi tena.

Jumanne nililifungua chujio na kukuta unywele mmoja. Jumatano niliuchomoa mpira wa kuvutia maji kutoka kwenye tangi, nikautumbukiza ndani ya mtungi wa lita 20, na pampu ikaumaliza bila kukohoa. Kwa hiyo pampu ni nzima, niliandika, na mpira ndio wenye tundu. Niling'oa mpira uliopitishwa mahali panapofaa mkono wa mtoto wa miaka sita, nikaweka mpya pamoja na klipu mpya, nikapoteza ngozi ya vidole vitatu. Nilifungua kifuniko ili nihakikishe ncha yake imezama, nikawasha, maji yakaja. Nilifunga kifuniko, maji yakaenda. Mara tatu nilifungua na mara tatu yakaja. Mara tatu nilifunga na mara tatu yakaenda. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza angekwisha kuandika hitimisho. Mimi niliandika orodha ya vipuri.

Usiku huo nililala mashuani ili nimvizie adui. Kila nilipoizima pampu, baada ya kitambo kulisikika mlio mmoja mzito kutoka gizani: bup. Nilibana pumzi nikasikiliza; kimya; kisha nikawasha na kuzima tena, na baada ya dakika chache, bup. Mlinzi wa ufuo, ambaye nilimwita kwa sauti niliyojitahidi isitetemeke, alinieleza kwamba huyo ni kiboko anayejikuna mgongo kwenye mashua, na kwamba kawaida huanza polepole. Dunga na viboko ni majirani wa siku nyingi, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kubisha. Nilikesha juu ya sitaha nimeshika kasia.

Alhamisi nilinunua pampu mpya. Bei yake sitaitaja, kwa sababu mke wangu anajua kusoma.

Ijumaa pampu mpya ilifanya vilevile kama ile ya zamani, ila kwa sauti nzuri zaidi. Hapo ndipo nilipomwita kijana mmoja anayetengeneza injini za mitumbwi hapo ufuoni, ambaye niliwahi kumfundisha. Alikuja na spana moja, na hata hiyo hakuitumia. Aliomba kifuniko kifungwe na pampu iwashwe, kisha akauweka mkono wake ubavuni mwa tangi na kutulia kama daktari anayesikiliza tumbo la mjamzito.

"Mwalimu, hebu lete mkono."

Niliuweka. Chini ya kiganja changu nilihisi plastiki ikizama polepole, kama shavu la mzee anayevuta kiko. Maji kwenye mfereji yakawa uzi. Tulizima, tukangoja, na ukuta wa tangi ukarudi mahali pake ghafla: bup. Kiboko wangu.

"Mwalimu," alisema kwa upole ambao sitausahau, "si hili ni lile debe?"

Debe lenyewe kila aliyepita mikononi mwangu analikumbuka. Unachemsha maji kidogo ndani yake mpaka mvuke uitoe hewa, unafunga kifuniko, unalimwagia maji baridi, nalo linajikunja mbele ya darasa kwa sababu ndani hakuna tena kitu cha kushindana na hewa ya nje. Nimewaharibia wauza mafuta madebe yasiyohesabika. Na tangi la mashua, kila lita ya maji inayotoka sharti ipishane na lita ya hewa inayoingia, kupitia mrija mwembamba unaopanda hadi ubavuni mwa chombo. Tulipouchungulia mdomo wake kwa nje, tulikuta umezibwa kwa udongo mkavu, laini, uliosawazishwa kama kazi ya fundi wa kupiga plasta. Nilipokuwa nikingojea magugumaji yaondoke, nyigu walikuwa wakijenga.

Kijana aliubandua udongo kwa msumari, lakini mrija bado ulikuwa umeziba ndani. Nikitaka kurudisha heshima kidogo, nilisema niachiwe mimi, nikaushika mrija kwa midomo na kuvuta kama watu wanavyovuta petroli kutoka kwenye lori. Kwa nini sikupuliza ni swali la mtihani mwingine. Nyigu wa aina hiyo hujaza vyumba vyao buibui waliodungwa wakalegea, ili watoto wao wakianguliwa wakute chakula. Niliwahesabu kwa ulimi: walikuwa sita.

Nilisukutua mdomo kwenye sinki, ambako maji baridi sasa yalikuwa yakitiririka bila kigugumizi, kisha nikamuuliza kijana nimlipe nini.

"Kidato cha kwanza uliuliza kwa nini debe lilipondeka," alisema huku akifuta mikono. "Niliandika kwamba limeminywa na hewa ya nje. Ulininyima alama mbili, eti sikuandika presha."

Nilichukua kalamu, nikaandika 2/2 juu ya katoni ya pampu mpya na kutia sahihi yangu. Alikwenda nayo ikiwa na risiti ndani, jambo lililonifaa sana, kwa maana mke wangu alikuwa akishuka ufuoni na chakula changu cha mchana.