Faili Likae kwa Anayelifanyia Kazi

Ofisi yetu ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro ipo Moshi mjini. Kwa miaka mingi mafaili yote yalikaa kwenye kompyuta moja nyuma ya meza ya mhasibu, sisi wengine tukiyafungua kupitia mtandao wa ofisi. Umeme ukikatika, rauta inazima na kazi imelala. Hata mwenye laptopu iliyojaa chaji anakunja mikono, maana laptopu anayo, faili hana.

Mimi naona huo haukuwa mpangilio wa kazi hata kidogo. Faili likae ndani ya kompyuta ya anayelifanyia kazi. Mtandao kazi yake iwe kukutanisha nakala. Mtu wetu anayeshinda geti la Marangu akipima mizigo ya wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, hawezi kuisubiri ofisi.

Windows ina uwezo huu tangu toleo la 2000: folda ya kwenye seva, ile kompyuta kuu ya mafaili, inawekewa nakala kwako, unaifanyia kazi popote, ukirudi inasawazishwa, yaani nakala zote zinafanywa ziwe sawa. Tatizo toleo la Home halina kitu hicho, na laptopu nyingi za madukani huja na Home. Sisi tukaishia kwenye Syncthing, programu huria ya bure iliyoanza 2013. Kompyuta zinatafutana zenyewe humo ofisini, mafaili yanapita kwenye waifai yetu bila kula bando, tena vinatumwa vile vipande vilivyobadilika tu. Sharti lake ni moja: kompyuta zinazopeana ziwe zimewaka kwa wakati mmoja. Kwa hiyo moja tunaiacha inawaka siku nzima.

Lakini kusawazisha hakuondoi kazi ya kufikiri, na hili tumejifunza kwa uchungu. Siku moja mzigo getini ulizidi kilo 20 kwa mtu, ikabidi waongezwe wagumu wawili. Kijana wetu akawaandika kwenye orodha ya malipo saa tatu asubuhi, bila intaneti. Saa saba mchana mhasibu naye, huku mjini, akafungua orodha ileile akarekebisha viwango. Jioni laptopu iliporudi, nakala mbili zikakutana. Programu ikaiacha ya mhasibu, kwa kuwa ndiyo iliyoguswa mwisho. Ile ya getini haikufutwa, ilipewa jina refu lenye neno “sync-conflict” ikakaa palepale kwenye folda. Hakuna aliyeifungua. Wagumu wale walishuka mlimani wakakuta majina yao hayapo.

Watu waliobeba mizigo siku tano walisimama mlangoni kwetu wakijieleza kama waongo. Tuliwalipa, tukawaomba radhi, lakini mimi sijaisahau ile sura.

Tangu hapo kila faili lina mwenyewe. Orodha ya getini anaiandika wa getini, viwango vinakaa kwenye faili la mhasibu, hakuna anayegusa la mwenzake. Kila jioni mtu anatafuta lile neno “sync-conflict” kwenye folda nzima kabla ofisi haijafungwa. Na saa za kompyuta tunazikagua: ile ya zamani iliyokufa betri ya ndani hurudi miaka ya nyuma kila umeme ukikatika, na kwa programu inayoangalia tarehe, kazi yako ya leo itahesabiwa ya zamani.

Hifadhidata ya programu ya uhasibu hatuisawazishi namna hii. Ile hufunguliwa na kuandikwa muda wote, ukiinakili katikati utapata nakala mbovu.

Tena msichanganye kusawazisha na nakala rudufu, ile ya akiba inayowekwa pembeni. Ukifuta faili kwenye kompyuta moja, linafutika kwenye zote, upesi kuliko utakavyoshtuka. Ndiyo maana kila Ijumaa jioni tunachomeka diski ya nje, tunanakili kila kitu, tunaichomoa, na mhasibu anaondoka nayo nyumbani.