"Mbona hawaumii?" Double Dragon III na ngumi za kununua

"Mjomba, mbona hawaumii?"

Swali hilo aliniuliza mpwa wangu mwenye miaka 12, padi mkononi, ndani ya kibanda cha gemu huku Langoni, Lamu, kwenye kichochoro ambacho punda akipita na magunia ya mchanga wote mnabanika ukutani. Tulikuwa tunacheza Double Dragon III, mchezo wa mwaka 1990 wa zile mashine za kutia sarafu kwenye kumbi za michezo, ambao mwenye kibanda ameutia kwenye kompyuta yake pamoja na michezo mingi ya zamani. Kijana alikuwa amekwisha piga ngumi zisizo na idadi. Maadui wanaanguka, wanainuka, wanaanguka tena, na bado akaona kuna kitu kimepungua. Nimekaa na swali lake siku kadhaa, kwa sababu naona limegusa kiini kuliko lawama zote nilizozoea kuzisikia juu ya mchezo huu.

Kwa asiyeujua: hii ni ile michezo ya kutembea na kupiga. Unasonga mbele kwenye skrini, wahuni wanatokea, huendelei mpaka uwamalize. Double Dragon ya kwanza, ya mwaka 1987, kazi ya Yoshihisa Kishimoto wa kampuni ya Technos Japan, ndiyo iliyowafundisha wengi raha ya kufanya hivyo wawili, bega kwa bega. Ya pili ikatoka 1988. Ya tatu Technos hawakuitengeneza wenyewe, walikabidhi kampuni nyingine, East Technology. Kisa chake ni safari ya kutafuta mawe ya ajabu, kutoka Marekani hadi China, Japani, Italia na mwisho Misri.

Ukitaja mchezo huu mbele ya watu wa zamani, neno la kwanza ni duka. Na kweli lipo. Katikati ya mapigano unaingia mlangoni, unakuta bidhaa zimepangwa: nguvu zaidi, uhai wa ziada, silaha, mbinu mpya za kupigana, hata wapiganaji wapya wa upande wako. Bei haikuwa pesa ya mchezoni uliyoipata kwa jasho. Ilikuwa sarafu halisi, ile ya mfukoni, unaitumbukiza kwenye mashine. Leo kijana anatoa M-Pesa kununua vazi la mchezo wa simu wala haoni ajabu. Mwaka 1990 jambo hilo liliwachoma watu.

Watetezi wa duka wana hoja, na haifai kuipuuza. Mashine za ukumbini ziliishi kwa sarafu. Mchezaji hodari anayekaa saa nzima kwa sarafu moja ni hasara kwa mwenye ukumbi, kama mteja anayeshinda mkahawani na kikombe kimoja cha kahawa. Kwa hiyo karibu michezo yote ya aina hii ilikunyonya kwa njia moja: inakurundikia maadui mpaka ufe, kisha inahesabu kuanzia kumi kwenda chini ikikungoja utie sarafu nyingine. Double Dragon III angalau ilikuonyesha bidhaa kabla ya kukuchukulia pesa. Ukinunua unajua umenunua nini. Hilo mimi nalikubali.

Nisichokikubali ni kile kilichouzwa. Kuuza uhai ni jambo moja. Kuuza mbinu ni jingine kabisa, kwa sababu kwenye mchezo wa kupigana mbinu ndiyo mchezo wenyewe. Katika ile ya kwanza mapigo yako yote unayo tangu sarafu ya kwanza, kazi yako ni kuyajua: lini utumie kiwiko, lini teke la kuruka. Katika hii ya tatu umeuziwa mashua, ukafika katikati ya mkondo wa Manda ukaambiwa tanga ni bei yake kando.

Mpaka hapo ningekuwa upande wa wanaolilaumu duka. Lakini pale kibandani kuna jambo ambalo ukumbi wa mwaka 1990 haukuwa nalo. Mwenye kibanda hutoza kwa muda, na kompyuta haijui sarafu: ukibonyeza kitufe kimoja yenyewe inahesabu kwamba umetia. Tukabonyeza mpaka tukachoka. Tukanunua kila kitu dukani, mbinu zote, nguvu zote, watu wote. Na ni baada ya kununua ndipo mpwa wangu alipouliza swali lake. Duka lilikuwa limetufungulia kila mlango bila gharama, na ngumi bado ilikuwa baridi.

Toleo la Japani linathibitisha jambo hilohilo. Kule maduka yaliondolewa, mchezaji akaruhusiwa kuchagua wahusika tangu mwanzo. Kama duka lingekuwa ndilo ugonjwa, toleo lile lingekuwa zima. Nimelicheza. Ngumi ni zilezile.

Sasa ubaridi huo unatoka wapi? Nikaukumbuka uwanja wa kirumbizi, ule mchezo wetu wa fimbo, wakati wa Maulidi. Duara limejaa, ngoma inapigwa, zumari linalia, wawili wanaingia kati na bakora zao. Hakuna aliyekuja kumuumiza mwenzake, na mara nyingi fimbo haigusi mwili, inagonga fimbo. Hata hivyo ukiwa umesimama kando pigo lile unalisikia tumboni. Sababu ni yule anayepigwa. Anakinga, anayumba, anarudi hatua moja na mdundo, anainua fimbo. Pigo limekamilika kwake, si kwa aliyelitoa.

Michezo mizuri ya mapigano ilikijua kitu hicho. Katika Double Dragon ya 1987 unamtwanga adui mpaka anainama, unamshika nywele, unampandisha goti usoni. Unaona kabisa kwamba amelewa ngumi, na uamuzi wa kumshika ni wako. Final Fight ya Capcom, iliyotoka 1989, iliongeza ujanja mwingine: ngumi ikitua, picha inasimama kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho, wote wawili wameganda, kisha mwili unaruka. Kitambo kile ndicho uzito. Watu wake ni wakubwa, wanajaza skrini, na Haggar, meya unayemchezesha, akimbwaga mtu chini unataka kushika meza.

Mwaka mmoja baadaye Double Dragon III inakuja na watu wadogo, wembamba, waliochorwa wafanane na watu halisi, lakini miondoko yao imekatikakatika. Unapiga, adui anadondoka kama shati lililochomoka kambani. Hakuna kuyumba, hakuna kushika tumbo, hakuna kitambo. Ukipigwa wewe pia ni hivyohivyo, hujui umekosea wapi. Ukinunua teke jipya dukani umenunua picha nyingine tu ya mguu hewani, maana upande wa anayelipokea hakuna kilichobadilika.

Kwa hiyo nasema duka lina hatia, lakini ni hatia ya pili. Naona lilizidisha kosa kwa namna hii: ukishapanga kuuza mapigo mazuri, ngumi ya bure haina budi kuwa hafifu, la sivyo nani atanunua? Ila hata yale ya kuuza hayakupikwa yakaiva.

Kuna la kusifu? Lipo. Watu watatu wanaweza kucheza kwa pamoja, na kibandani jambo hilo ni kubwa, maana anayesubiri zamu hukosa subira upesi. Safari ya nchi tano ni wazo zuri, na siku ile watoto waliokuwa nyuma yetu walishangilia tulipofika Misri. Wanaosema mchezo huu ulikuwa na ujasiri wa kujaribu mapya hawakosei. Walijaribu mapya mengi kuliko wenzao wengi.

Lakini angalia walichofanya Technos wenyewe katika toleo la mashine ya nyumbani ya Nintendo, lililotoka 1991, ambalo baadhi yetu tulilijua kwa kaseti za zile mashine za kuiga. Ni lile ambalo ufunguzi wake kwa Kiingereza uliandika jina la Billy, mhusika mkuu, kimakosa likasomeka Bimmy. Ni gumu, kila mhusika ana uhai mmoja tu. Humo hamna duka. Unafika China, unapambana na Chin Seimei, ukimshinda anajiunga nawe. Ukifika Japani, Ranzou vilevile. Katika mashine ya sarafu ndugu wa ukoo wa Chin ulikuwa unawanunua. Kwenye kaseti unampata mtu kwa sababu mmepigana, na unapomchagua unakumbuka alivyokutesa.

Nilimwambia mwenye kibanda atutafutie toleo hilo. Mpwa wangu alishindwa na Chin mara nne. Mara ya tano akamwangusha, akaona jina lake limeingia upande wetu, akasimama juu ya benchi. Muda wetu ulikuwa umekwisha. Akanigeukia: "Mjomba, ongeza nusu saa."