Kilometa Pekee Hazitoshi Kukuambia Lini Umwage Oili

Kila ninapopeleka gari kumwaga oili, fundi hubandika karatasi ndogo kwenye kona ya kioo cha mbele na kuandika namba moja tu, yaani kilometa ambazo gari likizifikisha nirudi tena. Gereji moja huongeza 3,000, nyingine 5,000, na muuzaji wa dukani anaweza kukuapia kwamba galoni aliyoishika mkononi inakwenda hadi 10,000 bila wasiwasi wowote. Wote wanalizungumzia gari lilelile, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza gari hilo linapita wapi kila siku. Baada ya miaka kadhaa ya kumiliki Toyota IST iliyotumika Japani kabla ya kufika Dar es Salaam, nimefikia uamuzi kwamba tunahesabu umbali uliokwendwa na magurudumu, ilhali kinachoichosha oili ni muda ambao injini imefanya kazi na hali iliyofanyia kazi.

Safari yangu ya kila siku ni kutoka Tegeta hadi Posta na kurudi. Nilipoipima kwa wiki nzima, kwa kugawanya kilometa kwa saa nilizokaa nyuma ya usukani, nilipata wastani wa kilometa 20 kwa saa, kwa sababu sehemu kubwa ya muda huo gari limesimama kwenye foleni, kiyoyozi kinafanya kazi na injini iko sailensa, yaani inanguruma bila gari kwenda. Kwa mwendo huo, kilometa 5,000 ni saa 250 za injini. Mtu anayesafiri kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa wastani wa kilometa 60 kwa saa atafikisha saa hizo 250 baada ya kilometa 15,000. Ni kweli kwamba saa moja ya kusimama kwenye foleni haiibani injini kama saa moja ya kupanda milima na mzigo, lakini kwenye foleni injini inaendelea kuchoma petroli na hakuna upepo wa mwendo unaopita mbele ya rejeta, na katika saa zote hizo kilometa zinazoandikwa kwenye dashibodi ni chache sana.

Inafaa kuelewa kinachotokea ndani. Oili hulainisha vyuma, lakini pia hupooza, huosha na huzuia kutu, na ndiyo maana huwekewa kemikali za kushika masizi na kuzima asidi. Kemikali hizo hupungua kadiri zinavyotumika. Injini inapowashwa ikiwa baridi, petroli kidogo isiyoungua pamoja na mvuke wa maji hupenya kwenye ringi za pistoni na kushukia kwenye sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Safari ikiwa ndefu, joto huukausha unyevu huo. Safari ikiwa ya kilometa mbili au tatu tu, kama ya mwalimu anayeishi jirani na shule yake, unyevu hubaki, huchanganyika na oili, na mwishowe huzaa ule utope unaouona ukifungua kifuniko cha kujazia oili. Mwalimu huyo anaweza kumaliza mwaka mzima bila kufikisha kilometa 3,000, naye akaamini kwamba oili yake bado ni mpya. Kwake yeye, kalenda ina uzito kuliko dashibodi.

Watengenezaji wenyewe wanalijua jambo hili. Toyota, kwa magari ya petroli yasiyo na tabo (turbo) yanayouzwa Japani, imekuwa ikielekeza oili ibadilishwe kila kilometa 15,000 au mwaka 1, kisha ikaweka kiwango cha pili cha kilometa 7,500 au miezi 6 kwa gari linalotumika katika mazingira magumu. Mazingira hayo magumu yameelezwa: barabara mbovu na zenye vumbi, safari fupi za mara kwa mara, mwendo wa pole wa muda mrefu na injini kunguruma gari likiwa limesimama. Ukiyasoma maelezo hayo ukiwa Dar es Salaam, utadhani mwandishi alikaa kwenye foleni ya Mwenge saa moja jioni. Tatizo ni kwamba kitabu kinachokuja na gari la mtumba huwa cha Kijapani, kwa hiyo wengi wetu hatukifungui kabisa, tukabaki na namba ya fundi.

Hata hiyo 7,500 siichukui kama ilivyo, na sababu yake niliipata barabarani. Miaka ya nyuma niliambiwa na muuzaji kwamba oili aliyoniuzia ingefika 10,000, nikamwamini, nikafunga boneti na kuisahau. Nilipokaribia 7,000, nikiwa karibu na Chalinze, taa nyekundu yenye alama ya kibirika iliwaka nilipokanyaga breki, ikazimika, ikawaka tena kwenye kona. Taa hiyo huonyesha kwamba presha ya oili imeshuka, na ikishawaka injini huwa tayari iko hatarini. Nilisimama na kuzima gari hapohapo. Nilichomoa kijiti cha kupimia, nikakifuta kwa kitambaa, nikakirudisha na kukichomoa tena: ncha tu ndiyo iliyolowa, chini kabisa ya alama ya mwisho. Injini ya 1NZ iliyomo kwenye IST yangu hubeba takriban lita 3.7 pamoja na filta, na kwa umri wake ilikuwa ikila oili kidogo kidogo bila kutoa moshi wa kunishtua. Hata kama ubora wa oili ile ungetosha kufika 10,000, kiasi chake kilikuwa kimeshapungua.

Tangu siku hiyo napima oili kila Jumamosi asubuhi, injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali tambarare. Galoni ya lita 4 ikishajaza injini, kile kidogo kinachobaki nakiweka kwenye buti kwa ajili ya kuongezea. Watu wengi huangalia rangi peke yake, lakini oili kuwa nyeusi mara nyingi ni ishara kwamba inaosha inavyotakiwa. Kinachonitia hofu mimi ni kiwango kushuka, harufu kali ya petroli, au weupe kama maziwa unaoashiria maji.

Wanaosisitiza kilometa 3,000 kwa kila gari nawaelewa, kwa sababu wameona injini nyingi zikifa kwa uzembe, na pia kwa sababu oili ya kughushi ipo sokoni. Hata hivyo, kumwaga oili nzuri mapema mno ni kumtwisha mwenye gari gharama isiyo ya lazima na kuongeza oili chafu ambayo mara nyingi huishia kwenye mtaro. Oili ya kughushi haiwi halali kwa kutumika kilometa chache. Dawa yake ni kununua kwa wakala anayeaminika na kuitoboa galoni tupu kabla ya kuitupa, ili isijazwe tena na kuuzwa.

Kwa gari langu, linaloshinda foleni na lenye injini iliyokwishazeeka, nimeamua kilometa 5,000 au miezi 6, kimojawapo kikitangulia, na filta hubadilishwa kila mara. Ndugu yangu anayefanya kazi Dodoma, ambaye gari lake ni jipya zaidi na linakwenda safari ndefu za lami, nilimshauri afuate 7,500 mradi apime kijiti kila wiki. Fundi wangu sasa huandika mistari miwili kwenye karatasi ya kioo, kilometa juu na tarehe chini, na mara ya mwisho tarehe ndiyo iliyotangulia.